Gari la Kilomita Laki Mbili: Jinsi ya Kulikagua Kabla Hujatoa Pesa

Probox, Fielder au Wish yenye kilomita 200,000 kwenye mita si lazima iwe mzigo. Injini ya 1NZ-FE iliyobadilishiwa oili kila kilomita 5,000 huweza kupita 300,000 bila kufunguliwa, na nyingine kama hiyo hiyo, iliyoendeshwa na watu watano ambao kila mmoja alimwachia mwenzake kazi ya sevisi, hufa kabla ya laki mbili. Kinachoamua ni barabara ilizopita, mizigo iliyobeba na oili iliyowekewa. Hayo yote huacha alama, na alama zenyewe huonekana kwa mpangilio: makaratasi usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi, injini ikiwa baridi asubuhi, halafu mlima.

1. Makaratasi kabla ya nauli

Omba nambari ya usajili na picha ya logbuku (hati ya umiliki wa gari) kabla hujapanda matatu kwenda kuliona gari. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kwa akaunti yako mwenyewe, nenda kwenye huduma za NTSA, mamlaka inayosajili magari, utafute rekodi ya gari hilo. Karatasi iliyochapishwa na dalali haitoshi. Ya mwezi jana haionyeshi mkopo wa juzi. Linganisha jina la mmiliki, nambari ya chesi, nambari ya injini, na kama kuna benki au kampuni ya mikopo iliyosajiliwa pamoja na mwenye gari. Ikiwa ipo, gari hilo haliwezi kuhamishwa hadi mkopeshaji aondoe jina lake, hata muuzaji aape kwa kaburi la nyanyake.

Mikopo mingine haionekani kwenye logbuku. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika ilianzisha sajili ambamo mkopeshaji huandikisha gari, ng'ombe au mashine iliyowekwa dhamana. Sajili hiyo nayo hutafutwa kupitia eCitizen. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na kuamka siku moja ukute gari limebebwa na madalali wa mnada.

Usihesabu umri wa gari kwa herufi za namba. Namba za KDA zilianza kutolewa 2020, lakini kwa sababu Kenya inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka minane, gari la KDA linaweza kuwa lilisajiliwa Japani mara ya kwanza mwaka 2013. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye logbuku. Ukitaka ushahidi wa pili, tazama kitambaa kidogo kilichoshonwa chini ya mkanda wa kiti, karibu na sakafu: magari mengi ya Kijapani huwa na tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda hapo. Mkanda wa dereva ukiwa na mwaka tofauti na wa abiria, kuna siku ulibadilishwa, na mikanda haibadilishwi bila sababu. Mara nyingi sababu ni ajali.

2. Asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji usiku huo huo kwamba gari lisiwashwe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina joto, kunywa chai usubiri saa tatu au nne, au urudi kesho. Joto huficha mambo: mnyororo wa taimingi uliolegea hugonga sekunde chache za mwanzo tu, moshi wa bluu wa sili za vali hutoka pale inapowashwa mara ya kwanza, na giaboksi iliyochoka huchelewa kuingia gia asubuhi kisha hujifanya nzima mchana kutwa.

Anza na redieta, na usifungue kifuniko chake kamwe kama kuna joto lolote. Ndani unatafuta kulanti ya rangi iliyo safi: nyekundu, waridi, kijani au bluu. Ukikuta maji ya kutu ya rangi ya chai ya maziwa, ujue gari limekuwa likinyweshwa maji ya mfereji miaka nenda miaka rudi, na kutu hiyo imeshapita kwenye pampu ya maji, hita na mifereji ya ndani ya silinda hedi. Pitisha kidole chini ya shingo ya redieta. Utelezi wa mafuta ni dalili kwamba gasketi ya hedi imeachia, au kwamba kipoza mafuta ya giaboksi kilichomo ndani ya redieta kimetoboka. Kisha geuza kifuniko chenyewe uangalie mpira wake. Juu kimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani shinikizo kinachostahimili kabla ya kuachilia maji. Mpira ukiwa umepasuka au springi imelegea, gari litazunguka Kisumu mjini bila shida yoyote, halafu lichemke Mau Summit. Kule juu, kwenye mita 2,500 hivi, maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 92, na ni kifuniko hicho tu kinachoyazuia. Bei yake haifiki ya tangi moja la petroli, lakini kikipuuzwa huua injini nzima.

Tazama pia feni. Waya mpya zilizofungwa kwa seloteepu kutoka kwenye feni hadi swichi ndani ya dashibodi zinaonyesha gari lilikuwa likichemka na mtu akaamua kulidanganya badala ya kulitibu. Ndugu ya ujanja huo ni kutoa thamostati. Utaijua barabarani: mshale wa joto hauchoki kukaa chini, hasa asubuhi ya baridi ya Molo au Londiani. Injini isiyopata joto lake hunywa mafuta mengi na oili yake huchafuka haraka.

Sasa oili. Chomoa dipstiki, ipanguse, irudishe, ichomoe tena. Nyeusi si kosa. Iliyo chini ya alama ya mwisho ni kosa, kwa sababu mwenye gari aliyejua mteja anakuja na bado hakuongeza, hakuwa akiongeza siku nyingine pia. Oili mpya inayong'aa kama asali nayo iulizwe maswali. Fungua kifuniko cha oili na umulike ndani kwa tochi ya simu: chuma cha rangi ya dhahabu au kahawia hafifu ni sawa, matope meusi kama lami ni ishara ya sevisi zilizorukwa. Uji mweupe chini ya kifuniko huweza kutokana na safari fupi fupi tu za mjini, lakini ukiuona pia kwenye dipstiki, hapo maji yameingia kwenye oili.

Geuza ufunguo hadi kabla ya kuwasha, usiwashe. Taa za injini, oili, betri, ABS na mifuko ya hewa zote ziwake. Injini ikianza kunguruma zizime. Taa ambayo haikuwaka kabisa imechomolewa balbu au imefunikwa, na hakuna anayejisumbua kuficha taa ya kitu kizima.

Mtu mwingine awashe, wewe ukiwa umesimama nyuma ya gari.

Moshi wa bluu unaotoka sekunde chache kisha kuisha ni sili za vali. Kazi ya kadiri. Moshi wa bluu unaoendelea kila akanyagapo ni ringi za pistoni, yaani injini kufunguliwa. Wish na Corolla za zamani zenye injini ya 1ZZ-FE zinajulikana kwa ugonjwa huu wa kula oili. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni wa kawaida ukipotea baada ya dakika chache. Usiopotea na wenye harufu tamu tamu ni kulanti inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na kwa dizeli huenda ni nozeli.

Rudi mbele. Dakika moja au mbili baada ya kuwasha, injini ikiwa bado baridi, minya paipu ya juu ya redieta. Ikiwa tayari ni ngumu kama jiwe, gesi za silinda zinaingia kwenye maji na gasketi ya hedi imekwisha. Hakuna joto bado, kwa hiyo shinikizo hilo halina sababu nyingine. Legeza kifuniko cha oili injini ikinguruma: moshi unaopumuliwa kwa mapigo kama treni huonyesha ringi zinavujisha.

3. Mita inasema nini, na gari linasema nini

Kurudisha mita nyuma ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kompyuta. Kurudisha mpira wa pedali ni vigumu zaidi, ingawa wengine hununua mpya. Pedali mpya kabisa kwenye gari la miaka kumi na tano ni ushahidi uleule kama pedali iliyokwisha.

Tazama usukani upande wa juu, ukingo wa kiti cha dereva anapoingilia, kitasa cha gia, na swichi ya dirisha la dereva. Mita ya 90,000 pamoja na usukani uliolainika kama sahani havipatani. Tafuta stika za sevisi: ukingo wa mlango wa dereva, chini ya boneti, ndani ya droo ya dashibodi. Stika moja iliyosahauliwa ya 187,000 ina nguvu kuliko kiapo.

Upande huu wetu kuna suala la pili, kubwa kuliko mita. Probox nyingi za Siaya, Kakamega, Bungoma au Molo zimefanya kazi ya abiria, na abiria wenyewe huwa zaidi ya viti. Toa zulia la nyuma utafute matundu ya bolti za viti vya ziada. Tazama springi za nyuma kama zimeongezwa au kuwekewa vipande vya kuinua, vizingiti vya milango ya nyuma kama vimekwaruzwa hadi chuma, na paa la ndani kama lina mafuta ya nywele za watu. Bawaba za mlango wa nyuma zikiwa zimelegea hadi mlango unashuka ukifunguliwa, umefunguliwa mara elfu nyingi. Gari kama hilo linaweza kununuliwa, ila kwa bei ya gari la kazi.

4. Bodi, rangi na maji ya mafuriko

Kagua mchana, nje, gari likiwa kavu. Gari lililotoka kuoshwa sasa hivi huficha mikwaruzo na uvujaji.

Chuchumaa kwenye kona na utazame ubavu mzima kwa mstari mmoja. Mawimbi ni fila. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye leso hushika chuma na huteleza penye fila nene. Nafasi kati ya boneti na mbawa zilingane kulia na kushoto. Bolti za boneti na mbawa zenye rangi iliyochubuka zimewahi kufunguliwa. Muhimu kuliko hizo ni chuma cha mbele kinachoshika redieta na sakafu ya buti chini ya tairi la akiba: huko alama za kuchomelea au mikunjo huonyesha ajali iliyofika kwenye mifupa ya gari. Rangi ya mlango peke yake isikusumbue. Bodaboda wa Kondele hukwaruza kila mtu.

Magari yaliyotoka kaskazini mwa Japani hupitishwa kwenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, na kutu yake huanzia chini. Lala chini na tochi. Rangi nyeusi mbichi iliyopuliziwa chini yote mara nyingi imefunika kitu.

Mafuriko ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito kwa gari lililokaa Ahero, Nyando au Budalang'i, au lililouzwa kwa haraka baada ya mvua za 2024. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake kabisa: sehemu isiyovutwa kila siku hubaki na mstari wa matope au doa la maji, hata kama ile ya mbele imefuliwa. Inua zulia, papasa kitambaa kizito kilicho chini yake kama kina unyevu, na uangalie reli za viti kama zina kutu ya rangi ya machungwa. Gari la mafuriko hutembea vizuri miezi kadhaa, kisha kompyuta, vitambuzi na viunganishi vya waya huanza kuoza kimoja kimoja. Liache.

5. Barabarani: tafuta mlima

Kuzunguka uwanja wa yadi si majaribio. Kisumu, panda kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa. Nakuru, shika barabara ya Eldoret upande wa Salgaa kwenda Sachangwan, au ya kupanda Subukia. Nenda angalau nusu saa, AC ikiwa imewashwa, na macho kwenye mshale wa joto. Mshale ukipita katikati mnapopanda, gari hilo lina tatizo la upoaji. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake huko. Kupanda polepole kidogo kusikutishe. Kusita, kurukaruka au kukosa silinda moja ndiyo mambo ya kutisha.

Giaboksi otomatiki: kabla ya kuondoka, mguu kwenye breki, toka N kwenda D na kisha R. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili kushika, au ikishika kwa kishindo, imechoka. Ukiendesha, sikiliza pale injini inapopaa bila gari kuongeza kasi kati ya gia ya pili na ya tatu. Kwa magari ya CVT (giaboksi otomatiki isiyo na gia za hatua) kama Nissan Note na X-Trail, hatari iko kwenye joto: endesha hadi ipate moto, kisha simama katikati ya mlima uanze tena. Ikitetemeka inapoanza, ikilia kama mluzi, au ikikataa kuongeza mizunguko, usibishane nayo. CVT hutaka mafuta yake maalumu, na nyingi zimeharibiwa na fundi aliyemimina ATF, mafuta ya kawaida ya giaboksi otomatiki.

Gia za mkono: ukiwa kilomita 40 au 50 kwa saa, ingiza gia ya nne na ukanyage hadi mwisho. Mizunguko ikipanda bila kasi kupanda, klachi inateleza.

Kwenye uwanja wazi, kata usukani hadi mwisho uzunguke polepole kulia kisha kushoto. Mlio wa ka-ka-ka ni sivi jointi. Pita murram polepole bila redio: bushi zilizokwisha hugonga kwa sauti nzito, stabilaiza linki hugonga kwa sauti nyepesi. Breki zijaribu kwa nguvu penye barabara tupu na tambarare. Usifanye hivyo kwenye mteremko wa Salgaa wenye malori nyuma yako.

6. Gereji ya mtu ambaye muuzaji hakumchagua

Fundi awe wako. Gari liinuliwe. Shika tairi juu na chini ulitikise: mchezo ni beringi ya gurudumu au boli jointi. Shika kulia na kushoto: mchezo ni tairodi endi. Shokamzo zilizolowa mafuta zimekufa. Tairi lililoliwa upande wa ndani peke yake linaonyesha alaimenti au bushi. Lililoliwa kwa mabonde mabonde linaonyesha shokamzo. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Betri ipimwe kwa mita: karibu volti 12.6 gari likiwa limelala, kati ya 13.5 na 14.7 likinguruma.

Scana, mashine ya kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari, iwekwe mwishoni mwa safari, si mwanzoni. Ikiwa mtu alifuta makosa asubuhi hiyo, vipimo vya kompyuta vitaonekana havijakamilika, na hilo ni jibu tosha.

Mwombe fundi apime kompresheni, plagi zote zikiwa zimetolewa na aksele imekanyagwa hadi mwisho. Hapa ndipo wengi hudanganyika kwa namba za kitabu. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Nakuru hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20, na Kisumu kwa asilimia 12 hivi, kwa hiyo silinda inayotakiwa psi 210 kitabuni itaonyesha kama 170 Nakuru ikiwa nzima kabisa. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo ya kutazama: ikizidi asilimia 10, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni vali au gasketi.

Uliza pia ratiba ya taimingi. 1NZ na 1ZZ zina mnyororo. Subaru za EJ20 zina mkanda wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na nyingi kati yake, mkanda ukikatika, vali hugonga pistoni. Bila risiti au stika ya kazi hiyo, hesabu kwamba haijafanywa, na gharama ya mkanda, tenshena na pampu ya maji itoke kwenye bei.

Mwisho, fundi asome nambari ya chesi kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibati. Tarakimu zilizokwanguliwa au zisizo kwenye mstari ni za kupelekwa kwa wachunguzi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Injini ikiwa imebadilishwa bila NTSA kujua, muuzaji airekebishe rekodi kwanza.

7. Bei na malipo

Andika kila kilichopatikana, upige simu kwenye maduka mawili ya spea uulize bei, ujumlishe pamoja na ufundi. Hiyo ndiyo hoja yako ya kupunguziwa, na ni ngumu kupingwa kuliko "nipunguzie kidogo, boss".

Usitume hata senti ya kushikilia gari kwa simu. Mkataba uandikwe, ukiwa na kitambulisho na PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) za pande zote, nambari ya chesi, na saa ya kukabidhiana, kwa sababu ajali ya jioni hiyo lazima iwe na mwenyewe. Lipa kupitia benki kwa jina lililo kwenye logbuku. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake ya NTSA, nawe uukubali kwenye yako, mkiwa mmekaa pamoja. Sheria ya Trafiki inakupa siku 14 tu za kutumia gari kabla ya kusajiliwa kwa jina lako.

Wiki ya kwanza, badilisha oili ya injini na filta yake (1NZ huchukua lita 3.7), kulanti, mafuta ya breki, filta ya hewa na plagi. Mafuta ya giaboksi yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua, usiyasafishe kwa mashine ya shinikizo. Toa yanayotoka yenyewe, jaza ya aina ileile, urudie baada ya kilomita elfu chache. Baada ya kilomita 1,000 chomoa dipstiki tena. Likiwa limekula chini ya nusu lita, endelea na sevisi za kawaida. Likiwa limekula lita nzima, beba oili kwenye buti, pima kila Jumamosi, na uanze kuweka akiba ya ringi.